Tairi za Kuongeza

Juzi, pale Masasi, nilipitwa na pikapu yenye tairi mbili mbili nyuma ikivuta tela, nikaisikia tena harufu ya klachi inayoungua.

Enzi zile kila mtu alikuwa ameruhusiwa kufanya biashara, na Baba akachagua kuuza maji Newala. Fundi aliiongezea pikapu yake tairi moja kila upande wa nyuma. Mimi niliamini gari likiongezwa miguu limeongezwa nguvu. Nadhani Baba naye aliamini hivyo.

Tulipopanda mlima kutoka bondeni na tangi la maji kwenye tela limejaa, injini ilinguruma, klachi ikanuka kuungua, kisha gari likaanza kurudi nyuma polepole. Mama aliruka akasukumia jiwe chini ya tairi.

"Fungua koki," Baba alisema, akiwa amekandamiza breki.

"Baba Zuhura, watu wameshapanga ndoo."

"Fungua, Mama Zuhura. Litatuburuta."

Maji yalimwagika barabarani, vumbi likanukia kama mvua ya kwanza. Nilikinga viganja, nikanywa, nikaoga nikicheka. Nilidhani ni sherehe ya tairi mpya.

Mjini walitupokea kwa hongera. Jirani yetu aliweka ndoo chini ya koki, akangoja tone lisilokuja, kisha akageuka kulitazama gauni langu lililolowa.