Taa Nyekundu ya Mtani Wangu

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi umeme wa magari mjini Tabora, kwenye karakana yenye magari mengi ya kutengeneza na spea chache za kutengenezea. Mimi ni Mzaramo. Nilipangiwa kazi huko, nikapata chumba mtaa wa Isevya, na kabla sijafungua begi langu nilikuwa nimekwisha kuitwa mvivu, mwizi wa nazi na mcheza ngoma, tena na watu wasiojua hata jina langu. Nilifurahi sana. Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara, wazee wao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani, na mtu akikutukana namna hiyo siku ya kwanza ujue umefika kwa ndugu.

Aliyenitukana kwa bidii kuliko wote alikuwa dereva wa gari la elimu ya watu wazima. Alinizidi umri kama miaka ishirini, na kwa haki nilipaswa kumwamkia kila asubuhi. Sikumwamkia hata siku moja. Nikimwona getini nilipaza sauti, "Mpagazi! Leo umebeba nini?" Naye hujibu bila kufikiri, "Nimebeba chakula cha Wazaramo, maana kwenu hamlimi." Kisha huingia, huchukua kikombe changu cha chai, hukimaliza, na kulalamika kwamba sukari haikutosha. Kazini walituzoea. Siku asipokuja niliulizwa kama nimemuudhi, na mimi niliulizia kama anaumwa.

Gari lake lilikuwa na ugonjwa mmoja ulionifanya nimwone mara kwa mara. Kwenye dashibodi palikuwa na taa nyekundu ya breki. Mafuta ya breki hukaa kwenye kikopo chini ya boneti, na kwenye kifuniko cha kikopo kile palining'inia boya dogo. Mafuta yakipungua, boya linashuka, umeme unagusana, na taa inawaka kumwambia dereva asimame. Mpango mzuri, ilimradi waya uwe mzima. Waya wa gari lile ulipita kwenye kona ya bati, na kwa mashimo ya barabara ya Kaliua wakati ule, bati lilikuwa likiutafuna kidogo kidogo. Gari likiruka, shaba inagusa bodi, taa inawaka, na breki zenyewe hazina neno.

Mara ya kwanza nilihangaika nusu siku. Nilifungua dashibodi, nikabadilisha balbu, nikalaumu swichi, hadi nilipoupata waya ulipochubuka nikauvika utepe mweusi. Mara ya pili utepe ulikuwa umeyeyuka kwa joto. Mara ya tatu niliufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na kwa kuwa nilikuwa nimejichosha nikatania. "Mtani," nikamwambia, "taa yako hii imekuwa Mnyamwezi. Inapiga kelele bila sababu."

Akacheka mpaka akashika boneti asianguke. Hapo ndipo nilipokosea. Alilipenda neno lile, akalitembeza mji mzima, na tangu siku hiyo taa ikiwaka aliiambia, "Nyamaza, ndugu yangu, Mzaramo atatusikia," akaendelea na safari.

Asubuhi moja alipita karakana akiwa na walimu sita nyuma pamoja na maboksi ya vitabu vya kisomo, wakielekea vijiji vya Kaliua. Hakuja kutengenezewa kitu. Alikuja kunywa chai yangu. Alipokuwa akiinywa niliona ile taa inawaka huku gari limesimama tuli, na hilo sikulipenda, kwa sababu waya uliochubuka ulikuwa na tabia ya kusumbua gari likiwa mwendoni. Nikafungua boneti.

Kupima ni jambo dogo. Unachomoa waya kwenye kifuniko cha kikopo. Taa ikibaki inawaka, waya ndio mwongo. Ikizima, boya ndilo linalosema, na boya halina sababu ya kudanganya. Nikachomoa, taa ikazima. Nikarudisha, ikawaka. Nikafungua kifuniko, mafuta yalikuwa chini kabisa ya alama. Nikaingia uvunguni, na kwenye gurudumu la nyuma la kulia nikakuta upande wa ndani umelowa. Nilipangusa kwa kidole nikanusa. Yalikuwa mafuta ya breki. Nilitoka uvunguni mbio.

"Mtani, usiende. Breki zinavuja."

Alicheka kabla sijamaliza. "Walimu, mnamsikia Mzaramo? Anataka tulale hapa apate wa kumpikia ugali!"

Nikamwonyesha kidole kilicholowa. Akasema ni mafuta ya nazi, nimetoka kujipaka. Nikaapa kwa mama yangu. Akasema mama yangu anamjua vizuri, ndiye aliyenifundisha uongo. Walimu walikuwa wakicheka hadi vitabu vinaanguka, na kila nilivyozidi kukazana ndivyo nilivyozidi kuwachekesha. Mwisho nilipenyeza mkono dirishani nikachomoa ufunguo wa gari. Akatoa mwingine mfukoni akiwa hana haraka yoyote, kwa sababu mwezi uliopita nilimfichia ufunguo huohuo tangu asubuhi hadi adhuhuri, na tangu hapo alijifunza kutembea na wa akiba.

Akawasha gari. Njiani kulikuwa na mteremko mrefu unaoishia kwenye daraja la magogo, na mimi nilikuwa nimeupita mara nyingi. Niliuona mteremko ule mbele yangu kama vile nimesimama juu yake, nikaogopa sana. Maneno yote niliyokuwa nayo nilikwisha kuyatumia kwa mzaha, kila siku, tangu nilipofika Tabora. Likabaki moja ambalo sikuwahi kumpa.

Nikafuta mikono. Nikavua kofia, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mdomo wake ukajibu wenyewe. Kisha mkono wake ukaganda juu ya gia. Akanitazama juu mpaka chini, kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Ndugu Dereva," nikaendelea, "naomba kwa heshima, kabla hujaondoka, ukanyage breki mara moja kwa nguvu zako zote."

"Kuna msiba?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Bado, mzee."

Akakanyaga. Mwanzo pedali ilisimama imara, na kwa nukta moja nilidhani nimejiaibisha bure. Halafu ikaanza kushuka chini ya mguu wake, taratibu, kama mguu unaozama kwenye tope la mpunga, mpaka ikagusa sakafu. Akaukanyaga tena upepo mtupu.

"Mayo!" akasema, akimwita mama kwa Kinyamwezi, akazima gari.

Walimu walishuka mmoja mmoja bila kuambiwa. Tukapiga jeki, nikafungua gurudumu. Raba ya ndani ya silinda ya breki ilikuwa imepasuka, na kila kitu kilikuwa kinachuruzika. Mtani wangu alichuchumaa pembeni yangu akiangalia.

Kwetu na kwao, mtu akifa, mtani wake ndiye anayekwenda kuwachekesha wafiwa. Anamwigiza marehemu, anayataja mabaya yake, anaweza hata kuingia kaburini akalala na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Hiyo ni kazi yake na hapewi ruhusa ya kuikataa. Pale Tabora, mtani wake wa karibu nilikuwa mimi.

"Ungekuja kulala kaburini kwangu?" akaniuliza.

"Ningekuja."

"Ungenisema nini?"

Nilijua anachoomba. Alitaka nimtukane, anipe na yeye moja, tuinuke tuendelee na siku yetu. Nikafungua mdomo nitafute tusi, lolote, hata lile la zamani la mizigo. Sikulipata.

"Nisingeweza, mtani," nikasema, nikaanza kulia mbele ya walimu sita, mikono yote imejaa mafuta.

Hakunicheka. Alinishikia spana mpaka nilipomaliza.