Kisanduku cha Visu Kumi na Viwili

Kwanza naomba mnisamehe kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande, na mahali pengine nimekosea maneno nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole, neno moja moja, kwenye meza ya jikoni wakati mwajiri wangu yuko kazini. Lakini jambo hili nimelibeba tangu nilipokuwa na miaka tisa na mdomo umeshindwa kulisema. Labda mkono utaweza.

Linaanza na harufu. Chumba chetu cha pili pale Riruta, pembeni mwa Nairobi, kilinuka shaba, mafuta ya cherehani, na mahameli iliyozeekea ndani ya masanduku. Baba alikuwa karani katika yadi ya mnada mjini. Ilikuwa miaka ile ya kwanza baada ya Uhuru, na Wazungu wengi walikuwa wakifunga mizigo kurudi kwao. Vitu vyao vililetwa yadini kwa malori: vitanda, piano, sahani, vichwa vya nyati. Hivyo vilipata wanunuzi. Vingine havikutakiwa na mtu: hadubini ya shaba yenye miguu mitatu, darubini iliyovikwa ngozi, mizani ndogo ya dawa, kipimahewa ambacho mshale wake ulikwama, jicho la kioo ndani ya kikasha kama cha pete. Msimamizi alimwambia Baba avitupe. Baba aliomba avichukue, akaruhusiwa. Kila Jumamosi alishuka kwenye basi pale Dagoretti Corner na kutembea hadi nyumbani, kifurushi kwapani, akitabasamu peke yake.

Alivipangusa kwa kitambaa laini, kisha akafungia kila kimoja kadi ndogo kwa uzi mweusi. Kwenye kadi aliandika kazi ya kitu kile kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani. "Cha kuonea vidogo." "Cha kupimia hewa." Kama hakukijua aliandika, "Sijui bado." Halafu Jumapili, baada ya kanisa, alikwenda kumwuliza mzee mmoja aliyewahi kuwa dresa, mfunga vidonda, hospitalini, na akirudi na jibu alibadilisha kadi kwa furaha kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani. Mama alinung'unika. "Wenzako wanaleta nyama, wewe unaleta vyuma vya watu wasiojulikana." Baba alicheka tu. "Mama Nekesa, vyuma hivi vimefanya kazi miaka mingi. Acha vipumzike kwetu."

Mimi niliviogopa. Jicho lile lilinitazama popote niliposimama. Zaidi ya yote niliogopa kisanduku kimoja cha shaba, kidogo, cha kutosha kiganjani. Baba alinionyesha mara moja tu jinsi kinavyofanya. Alivuta kishikio cha juu, akabonyeza kitufe cha ubavuni, na visu kumi na viwili vikaruka nje na kurudi ndani kabla sijapepesa macho. Tap! "Zamani waganga wa Ulaya waliwatoa wagonjwa damu kwa hiki," alisema. "Walidhani ugonjwa unatoka nayo." Tangu siku ile nilipita mlango wa chumba kile mbio.

Lazima mwelewe hofu ya siku zile. Watoto wote tuliogopa mumiani, watu ambao tuliambiwa hukamata wenzao na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Gari jekundu la zimamoto, ambalo tuliambiwa ndilo lao, likipita barabara kubwa tulijitupa mtaroni. Na si watoto tu. Mama mwenyewe alikuwa akituita ndani.

Shuleni nilikuwa mtoto asiyesema. Wangeci, aliyekaa nami kwenye benchi, alizoea kuniambia, "Wewe bubu, hata paka yetu inaongea kukushinda." Mchana mmoja wakati wa mapumziko wasichana walisimuliana habari za mumiani, kila mmoja akizidisha. Nilitaka, mara moja tu, wageuke waniangalie mimi. Nikasema, "Sisi tuko na mashine yao nyumbani. Ya kutoa damu. Iko na visu kumi na mbili." Wote waligeuka. Sikusema kwamba ni ya zamani. Sikusema imetoka mnadani. Wangeci alinikatia nusu ya pera lake, nami nikalila nikiwa na furaha ambayo sijaisahau.

Jumamosi iliyofuata, Kamau, mtoto wa jirani, alipotea. Alikuwa na miaka minne. Asubuhi yote tulisikia jina lake likiitwa vichochoroni, na mchana ukimya ukaingia, kisha miguu mingi ikaja mlangoni kwetu.

"Karani! Fungua!"

Baba alifungua. Mama Kamau alikuwa mbele, sauti imemkauka. "Nipe mtoto wangu. Hata kama umemfanya nini, nipe."

"Toa hiyo mashine ya damu tuone!" alipiga kelele mwanamume mmoja mwenye mpini wa jembe. Mwingine akacheka kicheko kibaya. "Karani gani ananona hivi na mshahara kidogo?"

Baba alimtazama Mama, kisha akanitazama mimi. Niliangalia vidole vya miguu yangu. "Mama Kamau, mimi pia ni mzazi," alisema. "Ingia utafute kila mahali." Waliingia watano, wakapekua chini ya kitanda na ndani ya pipa la maji. Yule mwenye mpini alitoka akiinua kile kikasha juu. "Jicho! Ako na jicho ya mtu!" Nikaona mikono ikishuka kuokota mawe.

Baba hakukimbia. Aliingia akatoka na kile kisanduku cha visu, akakunja mkono wa shati, akavuta kishikio, akakiweka juu ya mkono wake na kubonyeza. Tap! Damu ilitokea kwa mistari miwili ya mikato sita sita, safi kama imepigwa rula. "Hiki ni chombo cha matibabu cha zamani," alisema. "Kama kinaua, kimeanza na mimi."

Hakuna aliyerusha jiwe, lakini hakuna aliyelishusha. Ndipo Bi Mwanaisha alipopenya. Alikuwa mama wa Mombasa aliyepanga chumba cha mwisho, akiuza mahamri, na watu wakiumwa na mgongo aliwaumika kwa chuku, ile pembe ya kunyonyea damu. Alikichukua kisanduku, akakigeuza. "Lo! Si chuku hiki cha Kizungu? Mimi natoa watu damu chafu kila wiki, na wewe mwenye mpini mgongo wako naujua. Kama huyu ni mumiani, haya, nianzieni mimi." Mtu mmoja alicheka. Bi Mwanaisha akavua leso yake ya kichwani na kuufunga mkono wa Baba.

Kamau alipatikana baadaye kidogo, Dagoretti Corner, amelala chini ya benchi la fundi viatu. Mama Kamau alikimbia bila kutazama nyuma. Watu walitawanyika. Yule mwenye mpini alibaki, akijikuna shingo. "Karani, na hiyo ya kuonea vidogo, inaonyesha nini?" Baba, ambaye kila siku alisubiri mtu amwulize swali kama hilo, alifunga mlango.

Jumatatu alivirudisha vyote yadini ndani ya magunia mawili. Mgeni mmoja alivinunua kwa pamoja bila kuvitazama. Baba hakuzitoa kadi. Na hakuuliza kamwe ni nani aliyesema.

Sasa nina miaka ishirini na nafanya kazi za nyumbani Kileleshwa. Sebuleni kuna kabati la kioo lenye darubini na mizani za shaba. Wageni wanazisifu huku wakinywa chai, na hakuna anayeokota jiwe. Mimi ndiye ninayezipangusa kila Ijumaa, na kila mara natafuta uzi mweusi. Bado naziogopa, ingawa najua sasa kwamba si visu nilivyoviogopa siku ile, ni macho ya Baba. Nikienda Riruta naona alama kumi na mbili mkononi mwake anapopokea kikombe, nami nazungumzia mvua.

Msomaji, kama nyumbani kwako kuna chombo cha zamani chenye kadi iliyoandikwa "Sijui bado," tafadhali niandikie. Niambie ni cha nini, kama umejua. Nitampelekea Baba jibu, na nikishaanza kuongea, nitamwambia na hilo lingine.