Siku Kobe Alipopiga Kengele Mlangoni kwa Bibi Mwajuma

Enzi zetu, mtoto wa Ujiji hakuhesabiwa amekua mpaka awe ameoga ziwani kwa siri na kuchapwa siri ilipotoboka. Tulicheza rede mpaka vumbi likalia kwenye meno. Tulikwenda shule na fagio mkono mmoja, kidumu cha maji mkono mwingine, na tukirudi tulikuta ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa letu, aliyepikwa kwa mawese, yale mekundu yanayoacha alama kwenye vidole hadi kesho yake. Nikiwasimulia wanangu habari hizi wananiuliza tuliishije bila simu. Nawajibu kwamba tulikuwa na Kobe, na hapo ndipo wanapoiweka simu chini, maana Kobe hata wao hawamchoki.

Kobe alikuwa gari la baba yangu. Alikuwa na magurudumu manane, manne kila upande, mafupi, manene, yamebanana kama watoto waliolala kitanda kimoja. Bodi lake lilikuwa la plastiki ngumu ya kijani, mfano wa beseni kubwa, halina mlango wala paa. Usukani hakuwa nao. Alikuwa na mikono miwili ya chuma: ukivuta wa kulia, magurudumu ya kulia yanasimama na yeye anageukia huko. Lakini ajabu yake kubwa ni kwamba alikuwa akitembea nchi kavu, akifika ziwani anaingia tu, anaelea, na magurudumu yaleyale yanayapiga maji na kumsogeza mbele.

Baba alimpata mnadani Bangwe, mradi mmoja wa wageni ulipofunga virago na kuuza vyombo vyake. Yeye alikuwa fundi baiskeli, banda lake lilikuwa karibu na soko la Mwanga, na siku ile Mama alimtuma akatafute mabati ya jiko letu lililokuwa likivuja. Mabati yalikuwepo. Bahati mbaya, kabla hajayafikia, Baba aliinama chini ya lile gari la ajabu, akafunua ubao wa sakafu, akaona kwamba ndani hakuna kitu cha kutisha: ni cheni zinazotoka gurudumu hadi gurudumu. Akasema maneno ambayo tuliyasikia maisha yetu yote: "Cheni ni cheni." Akarudi nyumbani akiburutwa na trekta la jirani, amekaa juu ya Kobe kama bwana harusi, bila bati hata moja.

Mama alisimama mlangoni, akamtazama, akalitazama gari. Akasema, "Jiko linavuja. Sasa umeniletea na beseni linalovuja." Kisha akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakuliita gari, ila mara moja tu. Aliliita "hicho kitu chako".

Kukitunza hicho kitu kukawa ndio utoto wetu. Kaka yangu Hamisi alipewa matairi. Yalitakiwa yawe laini, siyo magumu kama ya baiskeli, na Baba alikuwa akiyabonyeza kwa dole gumba kama mtu anayechagua papai sokoni. Mimi nilipewa vizibo. Chini ya Kobe kulikuwa na matundu mawili ya kutolea maji. Ukitoka ziwani unafungua, kabla hujaingia unaziba, na ole wako usahau. Kizibo kimoja kilipotea huko huko mnadani, kwa hiyo Baba alitumia gunzi la mahindi lililozungushiwa mpira wa tyubu, kama Mama alivyoziba madumu yake ya mawese ya kuuza. Gunzi lilikuwa likinywa maji na kuvimba, likakaza kuliko kizibo cha kiwandani. Nililipenda lile gunzi. Nililala nalo chini ya mto, ndugu zangu, na sioni haya kusema.

Shida ilikuwa grisi. Beringi za magurudumu manane zinakula grisi vibaya, na ile ya Baba iliisha mapema. Sasa, mtu wa Kigoma akikosa mafuta ya aina yoyote, akili yake inakwenda wapi? Mama akaanza kuona dumu lake la mawese linapungua bila mteja. Baba alipaka mawese kwenye cheni zote, akapaka na kwenye beringi, na kweli Kobe akawa anatembea kimya. Lakini cheni zikipata moto, mtaa mzima ulinukia chakula cha mchana. Paka walitufuata kutoka mtaa hadi mtaa. Siafu walihamia chini ya kiti. Na asubuhi ya baridi mawese yaliganda, Kobe akagoma kusogea mpaka jua limpashe. Hatimaye fundi mmoja wa bandarini alituonea huruma, akampa Baba kopo la grisi na kumsihi ayaache mawese yarudi kwenye sufuria.

Watu walicheka. Wazee wa mtaa walipita wakiuliza, "Fundi, kobe wako amekula?" Baba alijibu, "Ameshiba, shikamoo." Hata Baba mdogo Idi, mdogo wake Baba, ambaye alikuwa mshonaji pale Mwanga, alikwepa kupanda Kobe asije akaonekana na wateja wake.

Kumbe Baba mdogo ndiye aliyekuwa na shida. Alikuwa amempenda binti mmoja aliyeitwa Mariamu, wa kijiji cha kaskazini mwa mji, huko ambako miamba inaingia ziwani na barabara ilikuwa haifiki. Mariamu alilelewa na bibi yake, Bibi Mwajuma, na ndiye mjukuu wa mwisho aliyebaki naye nyumbani. Washenga wakaenda kwa mtumbwi, wakapokelewa vizuri, wakalishwa, halafu wakapewa jibu. Walilileta kwetu wakati tunakula.

"Bibi hana kinyongo na Idi," alisema mkubwa wao. "Ila anasema wajukuu wake wote wametoka pale kwa mtumbwi, wakafika kwa wakwe wamelowa kama kuku. Huyu wa mwisho ataondoka kwa gari. Gari lije lisimame mlangoni kwake, lipige honi."

Kila mtu mzima alielewa. Wazee wa zamani hawakukwambia hapana usoni. Walikupa sharti lisilotimizika, ukaondoka na heshima yako. Baba mdogo aliweka tonge chini. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume mzima akikaribia kulia juu ya ugali, na mimi nikaanza kulia kwa niaba yake.

Ndipo Mama, huku akiendelea kuchambua miiba ya samaki, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si kuna gari hapo nje?"

Baba alipaliwa. Alimtazama Mama kama aliyeposwa yeye.

Wiki zilizofuata hapakulalika kwa raha. Baba alizitoa cheni zote, akaziosha kwa mafuta ya taa, akapunguza pingili pale zilipolegea. Alituonya kanuni moja: nchi kavu Kobe anabeba sita, majini anabeba wanne tu, na hilo halina mjadala. Honi hakuwa nayo, kwa hiyo alimfungia kengele kubwa ya baiskeli. Siku ilipofika tukaingia wanne: Baba, Mama aliyevaa khanga mpya, Hamisi, na mimi na kata yangu ya kuchotea maji, kwa sababu Mama alisema kweli, Kobe alikuwa anavuja. Washenga walitusindikiza kwa mtumbwi, ambao Hamisi angerudi nao ili ampishe bibi harusi; Baba mdogo alibaki nyumbani akingoja.

Tulitoka alfajiri imepambazuka, ziwa limetulia. Palipokuwa na mchanga tulitembea ufukweni. Palipokuwa na miamba tuliingia majini tukaizunguka. Mwendo wetu majini ulikuwa wa aibu. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alitupita kwa miguu, akatusalimia, akatungoja, akachoka kutungoja. Kwenye rasi ya mwisho cheni ya upande wa kushoto iliruka, magurudumu ya huko yakasimama, na Kobe akaanza kuzunguka pale pale kama kuku mwenye kizunguzungu. Wavuvi walicheka hadi wakashika mbavu. Baba hakucheka. Najua aliogopa, maana alimwita Mama kwa jina lake. Wavuvi walituvuta hadi mchangani, Baba akaikaza ile cheni, na sisi tukachota maji na kuomba Mungu kimoyomoyo.

Kijiji kizima kilituona tukitoka majini. Watoto walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Kobe alipanda ule mteremko wa mawe taratibu, akichuruzika maji, akasimama mbele ya nyumba ya Bibi Mwajuma. Baba akapiga kengele. Kring, kring.

Bibi alitoka na mwiko mkononi. Alikuwa mdogo wa mwili, ana macho makali.

"Mwakeye," alitusalimu kwa Kiha, akiwa na adabu zake. Kisha akamzunguka Kobe mara moja, akigonga kila tairi kwa mwiko. "Hiki ni gari au ni mtumbwi?"

Baba angeweza kudanganya. Alivua kofia, akasema, "Shikamoo Bibi. Ni gari. Lakini kama alivyo mtu wa Kigoma, na maji anayajua."

Bibi aliguna. "Na honi?"

Baba akapiga kengele tena. Mariamu alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa khanga, hajui acheke au asicheke. Bibi alimtazama mjukuu wake, akalitazama gari, akakaa chini kizingitini.

"Neno nililitoa mwenyewe," alisema. "Nilisema gari lije, limekuja. Mwana wanje, mwanangu, nenda." Halafu akaongeza, "Mimi nilijua halitakuja."

Alilia waziwazi, bila kujificha, na sote tukaelewa kwamba mitumbwi haikuwa na kosa lolote. Alikuwa haogopi Mariamu kulowa. Aliogopa kubaki peke yake na mwiko wake.

Mama alishuka, akakaa kizingitini pembeni ya Bibi, bega kwa bega. Kisha akasema, "Bibi, chukua khanga zako. Twende wote."

"Majini ni wanne," Baba akanong'ona.

"Najua," Mama akasema, akatugeukia mimi na Hamisi. "Nyie, shukeni."

Hatukuulizwa. Enzi zetu mtoto hakuulizwa. Nilimkabidhi Bibi kata yangu, nikamwonyesha gunzi liko wapi, nikaenda kukaa kwenye mtumbwi pamoja na sanduku la Mariamu na kuku watatu. Kutoka huko niliona safari nzima: Baba mbele anavuta mikono yake ya chuma, Mama na bibi harusi katikati, na nyuma kabisa Bibi Mwajuma, amejifunga khanga kiunoni, anachota maji na kuyamwaga nje huku akimkemea Baba kwamba anaendesha ovyo.

Alisema anakuja kuona jiko la mjukuu wake tu. Alikaa nasi mpaka Mungu alipomchukua. Ndiye aliyetufundisha kusuka vikapu na kutukana kwa adabu, na ndiye aliyemsema Baba asubuhi na jioni mpaka jiko la Mama likapata mabati.

Leo barabara ni nyingi. Kobe yuko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani yake. Plastiki yake haijaoza na nadhani itatuzika sote. Mwaka jana mjukuu wa Mama mdogo Mariamu aliolewa Kasulu, na vijana waliiendesha harusi kwa simu. Kulikuwa na kamati ya hiki na kamati ya kile, na kijana mmoja wa kurusha kamera angani. Magari yalipangwa kwa rangi, yote meupe, yamefungwa maua, na yalipiga honi kutoka Mwanga hadi kwetu kama yamefungwa kwenye honi moja. Yakaambiwa yakusanyike Kidahwe, njia ya Kasulu, ili yapigwe picha vizuri. Nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye la tatu, kiti cha dirishani, nimejipulizia na manukato.

Mama mdogo Mariamu alikuwa amesimama kando ya barabara. Sasa yeye ndiye bibi, mdogo wa mwili, macho makali. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili na akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi napanda lipi?"

Vijana wakatazama simu zao. Kamati ilikuwa imemkumbuka kila mtu, hata wa kurusha kamera.

Nikafungua mlango, nikashuka. Kazi hiyo nimeizoea tangu utotoni.