Tausi wa Chumba cha Sultani

Juzi mlinzi wa jumba moja la makumbusho alinikemea: "Mama, ukuta haushikwi!" Nilicheka, ndugu yangu, maana mimi ukuta wa sultani nimeushika, nimeusugua, nimeumwagia maji ndoo kwa ndoo.

Kijijini kwetu, jirani na Mahurunga, lilibaki jumba la sultani wa zamani. Sebule yake ilijaa tausi ukuta mzima, mikia inagusa boriti nyekundu zenye nakshi. Mama yake bibi ndiye aliyewachora, na kila mvua zikiisha bibi aliwarudishia rangi. Rangi ya nili tuliikoroga kwenye chokaa mbichi, na vidole vyangu vilibaki buluu wiki nzima. Raha iliyoje!

Vijiji vya ujamaa vilipoanza, sebule ikawa ofisi ya kijiji. Siku moja mwenyekiti akapata habari kwamba mkubwa anakuja kutoka wilayani. Akaona haya: mapambo ya kisultani nyuma ya meza yake! Akaamuru wanawake wayafunike kwa chokaa. Bibi alilia. Kisha akapangusa machozi, akanituma ukingoni mwa Ruvuma kuchimba udongo mweupe.

"Mke mwenzangu," alininong'oneza, "chokaa haitoki. Udongo unatoka kwa maji." Nilikimbia na kikapu utadhani nafukuzwa.

Mkubwa alikuja, akahutubia, akaegemea ukuta. Alipoinuka, mgongo wa suti yake ulikuwa mweupe pe, na ukutani tausi mmoja anamchungulia. Sisi watoto wa dirishani tulibana pumzi.

"Mambo ya usultani haya!" akafoka. "Futeni! Ukuta wote!" Akapanda Landrova, akaondoka.

Mwenyekiti alijua kinachotakiwa kufutwa ni tausi. Lakini bibi alishalowesha kanga kuukuu.

"Ndugu Mwenyekiti, tumeambiwa tufute ukuta. Tunafuta."

Wanawake wakaingia na ndoo, vigelegele juu, udongo ukachuruzika hadi mlangoni, na tausi wakatoka mmoja mmoja, wamenawa kama wanaokwenda Idi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka! Mwenyekiti alikodoa macho, mwishowe akacheka, akavuta kiti chake kando wasimrushie maji.

Tuliamini tumewaokoa. Baadaye ofisi mpya ikajengwa, bibi akafariki, sisi wasichana tukaolewa mbali, Nanyamba, Mtwara mjini, Dar es Salaam. Hakuna tena aliyeamuru tausi waondolewe. Makuti ya paa yalioza, mvua ikaingia, ukuta ukamomonyoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyerudi kuezeka.