Jogoo wa Baba Alivyomtoa Dada Yangu Chuoni

Wakuu, heshima kwenu wote, wa bara na wa mwambao.

Hii stori nimekaa nayo miaka mingi bila kuiweka mahali popote. Sijaitia chumvi. Mimi ni mtu wa kuuza kuku sokoni Kakamega, na mtu wa kuku akitaka kudanganya anadanganya uzito, hadanganyi maisha ya dada yake.

Ni miaka ya tisini, katikati hapo. Simu ya mkononi tulikuwa hatujaiona hata kwa picha. Ukitaka habari za mtu aliye mbali unangoja barua, na barua nayo inangoja ikipenda.

Dada yangu Rose ndiye alikuwa wa kwanza kwetu kuvuka Nairobi. Alipata nafasi chuo cha mapishi na hoteli, katika mji mmoja wa kale kule Pwani. Jina la mji nalihifadhi kwa sababu watu wake wengine bado wako hai. Ni mji wa nyumba za mawe, vichochoro vya kupishana kwa ubavu, na chakula ambacho watu wanapanda basi usiku kucha kwenda kukila, kisha wanarudi makwao hawana stori nyingine.

Ada ilitoka kwa miwa ya baba na kuku wangu, na vyote viwili vilikuwa vinakonda. Hosteli ya chuo hatungeiweza.

Aliyemwokoa Rose ni mama mmoja mjane, Bi Zuhura. Huyu alikuwa mpishi wa shughuli. Arusi, khitma, mahafali ya chuo, sufuria zake ndizo zilizokuwa zinaitwa. Wakakubaliana hivi: Rose anamsaidia jikoni asubuhi na jioni, naye anampa chumba cha juu na chakula bure.

Kwa hivyo chumba kikipotea, chuo nacho kimepotea. Shikeni hilo wakuu, maana uzi wote uko hapo.

Na si kwamba kila mtu mtaani alifurahia. Majirani walikuwa wanamuuliza Bi Zuhura, huyo msichana wa bara si ni Mkristo, jikoni mwako anashika nini? Rose alituandikia jinsi Bi Zuhura alivyowajibu: "Anamenya vitunguu na kuosha vyombo, na mikono yake ni misafi kuliko ndimi zenu."

Baba alipoisoma ile barua alisema lazima aende kumshukuru huyu mama. Mzazi gani hajui mtoto wake analala wapi?

Na kwetu huendi kushukuru mikono mitupu. Nilimchagulia jogoo mwenyewe, mwekundu, wa kutoka Malava. Nilimwinua mara mbili kuhakikisha kilo zake. Jogoo wa kuangaliwa na watu, miguu mirefu kama ya afisa wa kilimo.

Kwa wale ambao hawatujui, niwaeleze. Kwa Waluhya kuku ni lugha. Mgeni wa heshima anachinjiwa kuku, na firigisi, ambayo sisi tunaiita imondo, anapewa mwanamume anayeheshimiwa pale mezani. Ukikaa kwa mtu ukaondoka bila kuku, umeambiwa kitu. Ukila kuku usione firigisi, umeambiwa kitu kibaya zaidi.

Tukafika, mimi na baba. Jogoo alisafiri vizuri kuliko sisi.

Bi Zuhura alitupokea kama ndugu zake. Mama wa makamo, mnene kiasi, sauti ya chini, anakuita baba hata kama ni wewe unayefaa kumwita mama. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akamfunga kamba karibu na kisima cha uani, akammwagia wali.

"Jogoo mzuri huyu," alisema. "Nitamfuga, kila akiwika niwakumbuke wageni wangu."

Mimi nilisikia shukrani. Baba alisikia kitu kingine.

Chakula cha nyumba ile siwezi kukimaliza hapa. Samaki wa kupaka. Mkate wa mofa. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, mpaka nikaanza kujiuliza kwetu tunaamkianga nini. Nilimuuliza Rose viungo vya samaki ni bei gani sokoni, akaniambia nile ninyamaze. Nikala. Nikapiga hesabu moyoni.

Ila kuku hakuletwa. Siku ya kwanza samaki, siku ya pili samaki, na jogoo wetu pale uani ananenepa kwa wali.

"Umeona?" baba aliniuliza tukiwa chumbani. "Tunakula, na kuku inatuangalia."

"Baba, si amesema atamfuga."

"Nani anafuganga kuku ya mgeni? Mgeni anachinjiwanga. Asipochinjiwa anajua ameambiwa aende."

Rose akaja akajaribu kumweleza. "Baba, huku ukimletea mtu kitu hakiandai mbele yako siku hiyohiyo. Ataonekana ana njaa. Anakitunza. Ndiyo heshima yao."

"Heshima ya kuninyima imondo?"

"Baba, nitakupikia kuku ukitaka."

"Sikuja kupikiwa na mtoto wangu. Nilikuja kupokelewa."

Tukacheka, mimi na Rose. Baba hakucheka.

Siku yetu ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Bi Zuhura alikuwa na oda ya arusi, biriani ya kuku. Alfajiri jirani yake, maalim, alikuja akachinja kuku wote kwa taratibu za dini. Wanawake wakanyonyoa, wakasafisha, wakawapanga kwenye karai kubwa uani na kufunika kitambaa. Kisha wakahamia upande wa mbele kukata vitunguu, na vitunguu vya arusi si mchezo.

Rose alikuwa na kipindi chuoni. Mimi nikatoka kuchungulia bei ya kuku pale mjini, maana mtu wa biashara haendi mahali akarudi bila bei. Baba akabaki peke yake na jogoo.

Mmeshaona inakoelekea.

Niliporudi kamba ilikuwa imelala pale kisimani bila kuku. Baba amevaa shati la kanisani, amekaa barazani, ameridhika.

"Jogoo yuko wapi?"

"Nimepunguzia mama kazi. Nimechinja, nimenyonyoa, nimeosha, nimeweka na wenzake kwa karai. Leo tutakula imondo mbele ya watu, jioni tupande basi."

Wakuu, nina wateja wengi Waislamu kutoka Mumias. Wanaponunua kuku kwangu wanamchukua mzima, au wanakuja na mchinjaji wao. Kisu changu nakijua kinaishia wapi. Baba alikuwa mtu wa miwa, hili hakuwahi kulihitaji. Kwake kuku ni kuku, na kisu ni kisu.

Nikakimbilia uani. Karai lilikuwa tupu. Jikoni nyama yote ilishakatwa, imechanganywa na maziwa lala na viungo, iko motoni. Sufuria zimefunikwa, makaa juu ya vifuniko. Harufu ile sijaisahau.

Rose alirudi saa sita. Nikamvuta kwenye ngazi nikamwambia.

Alikaa chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Mzee anajua lakini hajui kwamba anajua."

"Lazima nimwambie Bi Zuhura."

"Rose, sikiliza. Kuku ni mmoja. Sufuria ni kubwa. Hakuna mtu duniani anaweza kusema yupi ni yupi, hata mimi siwezi, na mimi ni fundi. Wacha watu wale, waoane, sisi twende zetu. Wewe umalize chuo."

Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza.

"Hawa watu wamenilisha mwaka mzima. Mimi niwalishe hiyo?"

"Hawatajua."

"Wewe unauza sokoni," alisema. "Hapa si sokoni."

Akainuka. Nilimshika mkono, akautoa taratibu, akashuka jikoni. Nikamfuata, maana ningefanya nini?

Bi Zuhura alikuwa anaonja chumvi ya wali. Rose akamwambia yote kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma tangazo. Kisu cha vitunguu kikasimama.

"Alimchinja lini?" Bi Zuhura aliuliza.

"Asubuhi, hamjaanza kukata nyama."

"Akamtia karai lile lile?"

"Ndiyo, mama."

Mimi nikaingilia. Nikasema labda tukitoa vipande vya miguu mirefu, jogoo wetu alikuwa na miguu mirefu. Mama mmoja mzee pembeni akasema, "Huyu anadhani tunapunguziana bei na Mungu."

Bi Zuhura akaweka mwiko chini. "Zimeni moto," akasema.

Hakupiga kelele. Akamtuma mtoto wake mkubwa kwa wenye arusi. Wapishi wengine wa mji wakaombwa, huyu atoe wali, yule atoe nyama, na arusi ikala karibu magharibi, chakula cha nyumba tatu tofauti kwenye sinia moja. Biriani ile wakapewa vibarua wa bara waliokuwa wanajenga ukuta jirani. Walikula hadi wakalegea, wakishangaa bahati yao. Nadhani ndio watu pekee waliofurahi siku ile.

Nilikwenda kumwomba Bi Zuhura msamaha. Nilitaka anitukane. Mtu akikutukana unajua deni ni kiasi gani.

"Hapana neno, mwanangu," akasema. "Mzee hakujua. Na msimwambie. Ametoka mbali, asirudi na aibu."

Halafu yule mama, ambaye siku yake ilikuwa imeharibika kabisa, akabeba mwenyewe sinia ya mikate na samaki kutoka kwa jirani akampelekea baba barazani. "Utuwie radhi, baba. Kuku wa leo hawakuwahi."

Baba akala. Jioni tukapanda basi. Tulipoacha taa za mji nyuma akasema, "Wamekula kuku yangu wenyewe. Hata mfupa sijaonyeshwa."

Nikatazama dirishani.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana mimi nilirudi Kakamega nikidhani limekwisha. Nimezoea nyuso za sokoni. Mteja akikasirika namwona, akinuna namwona. Kwa Bi Zuhura sikuona kitu, nikaandika faida.

Maneno yalitembea kwenye vile vichochoro. Kwamba jikoni kwa Bi Zuhura kuna mikono ya wasiojua dini. Kwamba kama Jumamosi hiyo msichana alisema, ni mara ngapi hakusema? Ukweli wake ndio ukawa ushahidi dhidi yake. Arusi moja ikahamia kwa mpishi mwingine, kisha nyingine. Chuo nacho mahafali yake kikampa mtu mwingine.

Mwisho wa muhula Bi Zuhura akamwita Rose. "Mwanangu, mtoto wa ndugu yangu atakuja kukaa hapa. Atahitaji kile chumba."

Hakukuwa na mtoto wa ndugu. Rose alijua, na Bi Zuhura alijua kwamba anajua. Alimsaidia kufunga sanduku. Akampa kanga pea moja na kopo la viungo. Wakalia wote wawili, ndivyo alivyoniambia Rose, na hakuna aliyetaja jogoo.

Simlaumu yule mama. Nimejaribu, nashindwa. Sufuria ndizo zilizokuwa zinamlisha.

Rose alirudi Kakamega akiwa amebakiza mwaka mmoja. Nilizunguka, nikauza nilichoweza kuuza, hela ya chumba kule haikupatikana. Akaanza kazi kwenye hoteli ya mabati pale Lurambi, chai, chapati, maharagwe. Leo hoteli ni yake na inajaa. Wateja wanamwambianga mama, wewe unapika hivi, si utuwekee biriani wikendi. Anawaambia hajui kuipika.

Mnadhani hilo ndilo chungu? Bado.

Baba yuko hai, mzee sana, na hajawahi kuambiwa. Rose alikataa. Kwa hivyo mzee ana toleo lake, na analitoa kila Krismasi nyumba ikijaa. Jinsi alivyobeba jogoo mpaka Pwani. Jinsi watu wale walivyo wachoyo, wakamla wenyewe jikoni wakampa yeye samaki. Jinsi walivyomfukuza mtoto wake bila sababu. Wajukuu wanacheka, wanamwomba arudie.

Krismasi iliyopita alimalizia hivi: "Nilimwambia huyu Rose, watu wa kukunyima firigisi watakunyima na chumba. Hakusikia."

Rose alikuwa anamimina chai. Akakijaza kikombe cha mzee, akaongeza sukari, akamwambia, "Ni kweli, baba. Sikusikia."

Mimi nilitoka nje.

Funzo langu ni fupi. Ukienda kwa watu, uliza hata swali la kijinga, na usishike kisu nyumba si yako. Na ninyi wenyeji, mtu akikosea mwambieni usoni. Huo upole wenu mzee wangu aliula bure, bili akaletewa binti.

Sasa wakuu, nipeni maoni. Mzee aambiwe kabla hajatutoka, au tumwache afe akiwa ndiye aliyedhulumiwa? Rose anasema nikimwambia nisikanyage tena hotelini kwake. Wengine kwetu hawajui kitu. Nasoma kila comment, hata za matusi.