Tangi la Samaki la Mama

Mama alikuja kwangu Mbeya kutibiwa goti, na goti lilipopata nafuu tu akaanza kuulizia basi la kumrudisha Kilolo. Kule ana shamba, na kijito kinapita nyuma ya jiko lake. Hapa mtaani kwangu Soweto, alisema, nyumba yangu imenyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu. Sikutaka aondoke. Nilikuwa nimeshazoea kukuta uji mezani na mtu wa kubishana naye.

Nikanunua tangi la samaki. Mama hajawahi kumwacha kiumbe mwenye njaa, kwa hiyo nilijiambia akipata wa kulisha atatulia.

Nikamwita fundi bomba wa mtaani. Tangi la kioo lilikaa juu ya kabati, na ndani ya kabati tukaweka ndoo kubwa yenye chujio. Bomba moja lilishusha maji kwenye ndoo, na pampu iliyokuwa humo iliyarudisha juu kwa bomba la pili. Lakini mimi na fundi tulikuwa na ugonjwa mmoja. Mtaani kwetu maji yakisikika yanalia ndani, watu wote husimama kutafuta palipopasuka, maana mita inakimbia.

"Dada, hili la kurudisha tulizamishe mpaka chini," alisema. "Halitalia kabisa."

"Lizamishe," nikajibu, nikijiona mjanja.

Pampu ikawashwa. Kimya. Samaki wadogo wa rangi ya chungwa wakazunguka, na mama akavuta kiti.

"Hii samaki ni ya kula au ya kutazama?"

"Ya kutazama, mama."

"Haya." Akarudi chumbani kukunja vitenge vyake. Nilinuna mpaka jioni.

Kesho yake mchana umeme ukakatika. Pampu ilipozima, maji ya juu yakaanza kurudi chini kwa bomba lile lile tulilolizamisha, yakijivuta yenyewe. Ndoo ikajaa, ikafurika, kabati likatapika mpaka kwenye zulia langu jipya. Nikamsema fundi ambaye hata hakuwepo, nikawasema samaki waliokuwepo, nikapiga magoti kwenye maji nikilivuta bomba kwa hasira. Mdomo wake ulipochomoka juu ya maji ukafyonza hewa, na maji yakaacha kushuka papo hapo. Nikaelewa tulichokosea.

Nyuma yangu mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu goti lianze kumsumbua, na hasira zangu zote ziliisha bila mimi kuziruhusu.

"Mtu mzima unagombana na samaki," akasema, akapandisha kitenge, akaja kunisaidia kukamua zulia. Tulikamua huku tukisukumana kwa viwiko kama wasichana wa shule.

Umeme uliporudi nilishika msumeno mwenyewe nikalikata lile bomba, mdomo ukabaki juu kidogo ya maji. Nikawasha pampu, nikazima makusudi. Maji ya ndoo yakapanda kidogo, yakatulia. Nikawasha tena. Maji yakaanza kuanguka ndani ya tangi, yakilia sebule nzima. Nilikuwa natafuta namna ya kuyanyamazisha mama aliponishika mkono.

"Yaache hivyo hivyo," akasema. Akakaa mbele ya tangi, akafumba macho, akasahau hata chai yake.

Jioni mama mdogo alipiga simu kutoka Kilolo kuuliza dada yake apokewe stendi siku gani. Mama aliisogeza simu karibu na tangi, akaishikilia pale, kisha akairudisha sikioni.

"Umesikia?" akasema. "Basi hilo shamba limeni nyie. Mimi nitumieni blanketi langu zito, huku Mbeya Juni baridi yake si mchezo."