Chumvi kwenye Gitaa

Hakuna mbao ya kunishangaza mimi. Shule niliishia darasa la nne, lakini ukiingia hoteli za Diani, huenda mlango utakaoushika niliupiga randa mimi. Nyumba yangu ya Bongwe nimeijenga kwa mikono hii, vyumba vitano. Tangu mke wangu afariki, natumia kimoja.

Binti yetu anafanya kazi Lunga Lunga, mpakani. Alinipigia simu wakati wa mvua.

"Shikamoo, baba. Lile gitaa langu lipo?"

"Marahaba. Liende wapi?"

"Libandue vanishi, ulipake rangi. Nyekundu ile ya mikeka ya mama. Likiwa tayari nitalijia."

Hilo la kulijia ndilo nililolishika. Alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu arubaini ya mama yake.

Nikalitoa nyuzi, nikalipiga msasa mpaka mbao ikawa tupu. Kopo la marehemu la rangi ya unga lilikuwa bado juu ya kabati. Nikaichemsha kama alivyokuwa akichemshia ukindu wake, na konzi ya chumvi ili rangi ishike. Miaka ishirini na sita nilimwona akifanya hivyo uani. Sikuwahi kumuuliza lolote. Nikapaka kwa kitambaa. Ikashika, wallahi! Ilipokauka nikapiga sila, ile dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao, mkono wa kwanza na wa pili.

Siku ya tatu gitaa lilikuwa linatoka jasho. Mabaka meupe, na linanata. Nikabeba kopo la sila hadi dukani Ukunda kwenda kugombana.

"Sila yako feki!"

Muuzaji akainusa. "Chini yake ulipaka nini, fundi?"

"Rangi ya mikeka."

"Pamoja na chumvi?"

"Konzi moja tu."

"Chumvi kwenye mbao, na unyevu wetu huu! Inavuta maji hiyo. Mzee wangu, ulikuwa unatengeneza gitaa au samaki ng'onda?"

Duka zima likacheka. Nikacheka nao, nikanunua sila nyingine.

Nikaparua yote, nikaliosha, nikalianika siku kadhaa, nikaanza upya bila chumvi. Unga uliobaki koponi ulitosha upande wa mbele tu. Nyuma nikaacha rangi ya mbao yenyewe. Safari hii lilikauka, likang'aa. Jumamosi aliyoahidi kuja nikapika samaki wa nazi, nikatandika mkeka barazani.

Simu ikalia. "Kazi zimebana, baba. Lipakie tu kwenye matatu, nitalipokea stendi."

Mimi sifuati mtu; watu ndio hunifuata. Lakini nililifunga gitaa kwa shuka, nikapanda nalo mwenyewe.

Alilifungua palepale stendi. Akapitisha kidole upande wa mbele, kisha akaligeuza.

"Na huku nyuma?"

"Rangi ilikwisha."

"Ile ya mama, yote?"

"Yote."

Akalipakata. Tukanywa chai kwenye benchi, malori yakipita, mpaka akaitwa kazini. Habari za samaki sikumwambia. Chai alilipa yeye. Mimi, kuanzia kopo la kwanza la sila hadi nauli ya kurudi, zilinitoka shilingi elfu mbili mia sita na arobaini.